Mateka 195 na Haki Iliyoachwa Mpakani

Kwa Kiswahili, askari aliyekamatwa vitani ni mateka. Raia aliyezuiliwa ili serikali yake ilegeze msimamo, naye ni mateka. Kwa muda mrefu niliona huo ni upungufu wa lugha yetu, kwa kuwa sheria ya kimataifa inawatenganisha watu hawa kabisa: kumshika wa kwanza ni halali, kumshika wa pili ni kosa. Lakini ukifuatilia yaliyopita kati ya Bangladesh, India na Pakistani tangu Desemba 1971 hadi Aprili 1974, utaona neno letu lilisema kweli. Askari waliotuhumiwa kwa mauaji ya kimbari waliwekwa kwenye mizani moja na raia wasio na hatia, wakabadilishanwa, na kesi yao ikafa kabla ya kusomwa.

Naizungumzia kesi hiyo kwa sababu kila vita vya ukombozi vinapokwisha swali ni lile lile. Umewakamata waliokuwa wakichoma vijiji vyako. Wako mikononi mwako, wanakula, wanalala, wanaandika barua kwao. Utawafanya nini?

Tuanze na waliokamatwa. Pakistani iliyozaliwa 1947 ilikuwa nchi moja yenye vipande viwili, na kati yake ardhi ya India ya takriban kilomita 1,600. Katika uchaguzi wa Desemba 1970, chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilishinda viti 160 kati ya 300 vilivyopigiwa kura, karibu vyote vya upande wa mashariki, ambao ndio Bangladesh ya leo, kwa hiyo kilistahili kuunda serikali ya nchi nzima. Watawala wa kijeshi chini ya Jenerali Yahya Khan wakaahirisha bunge. Usiku wa 25 Machi 1971 jeshi likaingia mitaani Dhaka. Chuo Kikuu cha Dhaka kilishambuliwa, wanafunzi wa bweni la Jagannath Hall, lililokuwa la vijana wa Kihindu, wakauawa humo humo. Kambi ya polisi ya Rajarbagh ikapigwa.

Miezi tisa iliyofuata iliwakimbiza watu wapatao milioni 10 kuingia India. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Serikali ya Bangladesh husema milioni tatu, watafiti wengine hutaja mamia ya maelfu. Makadirio yanayotajwa zaidi kuhusu wanawake waliobakwa ni 200,000. Siku mbili kabla ya vita kwisha, 14 Desemba, wanamgambo wa Al-Badr, walioshirikiana na jeshi la Pakistani, waliwatoa majumbani maprofesa, madaktari na waandishi wa habari, wakaenda kuwaua. Baadhi ya miili ilikutwa imefungwa macho kwenye mashimo ya Rayerbazar.

Tarehe 16 Desemba, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ramna, Luteni Jenerali A. A. K. Niazi, kamanda wa jeshi la Pakistani upande wa mashariki, alikaa kwenye meza ndogo iliyowekwa katikati ya nyasi, akatia saini hati ya kusalimu amri mbele ya Luteni Jenerali Jagjit Singh Aurora wa India, nchi iliyokuwa imeingia vitani upande wa Bangladesh. Akavua alama zake za cheo begani, akatoa bastola yake, akaikabidhi. Watu wapatao 93,000, wengi wao askari na wengine raia, wakawa mateka. Hati hiyo ilikuwa na maneno mawili yaliyokuja kuwa na uzito mkubwa. Kwanza, iliahidi kwamba waliosalimu amri watatendewa kwa heshima inayowastahili askari kwa mujibu wa Mikataba ya Geneva. Pili, ilisema wanajisalimisha kwa Aurora akiwa kamanda wa majeshi ya India na ya Bangladesh kwa pamoja. Kwa hiyo mateka walilala kambini India, lakini kwa karatasi walikuwa wa nchi mbili.

Hapa inabidi tusimame kwenye sheria kidogo, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Askari hashtakiwi kwa kupigana. Aliyempiga risasi adui mwenye bunduki hana kosa hata kama vita vyenyewe vilikuwa vya dhuluma. Ndiyo maana Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, katika ibara ya 118, unaamuru mateka waachiliwe na kurudishwa kwao bila kucheleweshwa mara mapigano yanapokoma. Ibara ya 119 inaweka mlango mmoja wa pembeni: mateka aliyefunguliwa mashtaka ya jinai anaweza kubakizwa mpaka kesi yake iishe. Na ibara ya 85 inasema hata huyo anayeshtakiwa kwa aliyoyatenda kabla ya kukamatwa haachi kuwa mateka. Haki zake za mateka anabaki nazo, hata akihukumiwa.

Njia ni hizo mbili tu: mfungulie mashtaka mtu mmoja mmoja, au mrudishe kwao. Ya tatu, kumweka ili ukipate kitu unachokitaka kwa serikali yake, mkataba hauijui. Lakini hiyo ya tatu ndiyo iliyofuatwa. Mapigano yalikoma Desemba 1971. Mateka walianza kurudishwa kwa wingi Septemba 1973, miezi 21 baadaye. Mkataba wa Simla wa Julai 1972 uliotiwa saini na Indira Gandhi, kiongozi wa India, na Zulfikar Ali Bhutto, kiongozi mpya wa Pakistani, ulizungumzia mistari ya mipaka na Kashmir, ukawaacha mateka kwa majadiliano ya baadaye. India ilijitetea kwamba haiwezi kuamua peke yake kwa kuwa Bangladesh ni mshirika wa ile hati ya Ramna. Pakistani nayo ikakataa kukaa na Bangladesh kwa kuwa haikuitambua kuwa nchi. Nina uhakika kwamba wake za wale askari waliokuwa wakisubiri mlangoni Lahore na Rawalpindi hawakupata faraja yoyote katika hoja hizo.

Bhutto, kwa upande wake, alikuwa na mateka wake. Wabengali wapatao 400,000 walikuwa wamekwama upande wa magharibi vita vilipoisha: makarani wa serikali, wanajeshi waliokuwa kwenye jeshi la Pakistani, pamoja na wake na watoto wao. Wengi wao walifukuzwa kazi, wengine wakawekwa kambini. Dhaka ilipozidi kutaja kesi, Pakistani ikawatenga Wabengali 203 na kutangaza kwamba nao watashtakiwa kwa uhaini na ujasusi. Ujumbe ulieleweka: gusa wangu nami niguse wako. Na tangu 25 Agosti 1972 China ilikuwa imetumia kura yake ya turufu kuizuia Bangladesh kuingia Umoja wa Mataifa, ikiunga mkono madai ya Pakistani kwamba mateka warudishwe kwanza.

Katikati ya mvutano huo, 17 Aprili 1973, serikali ya Bangladesh ilitoa tangazo ambalo mimi huliona kuwa la ujasiri mkubwa. Ilisema uchunguzi umekaribia kukamilika, na kwa ushahidi uliopo watashtakiwa watu 195 kwa mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, ukiukaji wa ibara ya 3 ya Mikataba ya Geneva, mauaji, ubakaji na uchomaji. Kesi zingesikilizwa Dhaka na majaji wa hadhi ya Mahakama ya Juu, na washtakiwa wangeruhusiwa mawakili wa kuwachagua wenyewe, hata wa kutoka nje.

Orodha hiyo ilikuwa imepunguzwa kutoka orodha ndefu zaidi. Kati ya watu 93,000, nchi iliyochomwa moto ilitaka 195 tu. Huko si kulipiza kisasi. Ni kuchambua nani alitenda nini, kama mkataba unavyotaka.

Hofu ya kwamba Dhaka isingeweza kutenda haki haikuwa ya kubuni, na lazima tuikubali. Siku mbili tu baada ya Ramna, katika uwanja wa Paltan, wapiganaji wa ukombozi waliwachoma kwa singe vijana waliofungwa mikono, wakituhumiwa kuwa vibaraka, mbele ya umati na kamera za waandishi wa kigeni. Picha za Horst Faas na Michel Laurent za siku ile zilipata tuzo ya Pulitzer 1972. Ukizitazama, anayekutazama si jenerali wala mpanga mauaji. Ni kijana aliyelala chini, na watu wamemzunguka kama wanaotazama ngoma. Wabihari, Waislamu wanaosema Kiurdu walioonekana kuwa upande wa Pakistani, waliuawa pia kwa idadi kubwa, kabla na baada ya vita. Mwaka 1973 serikali ilitoa amri ya kuwakinga wapigania uhuru wasishtakiwe kwa waliyotenda katika mapambano. Mahakama ambayo ingewahukumu maofisa 195 ingeanza kazi huku mlango wa upande wa pili umekwisha kufungwa kwa ufunguo. Hilo ni doa, na aliyeupigania ukombozi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulitaja.

Pakistani ilipeleka shauri Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, 11 Mei 1973, ikiomba India izuiwe kuwakabidhi wale 195. Hoja yake inafaa kusomwa taratibu. Ilisema kwamba kwa Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948, ni yenyewe pekee yenye haki ya kuwashtaki. Ibara ya VI ya mkataba huo inasema watuhumiwa watahukumiwa na mahakama ya nchi ambako kitendo kilitendeka, au na mahakama ya kimataifa. Kitendo kilitendeka Dhaka, Khulna, Chittagong. Ili hoja isimame ilibidi Dhaka iendelee kuhesabiwa kuwa Pakistani, mwaka na nusu baada ya Niazi kukabidhi bastola. Na katika miezi hiyo hiyo serikali ya Bhutto ilieleza kuwa iko tayari kuunda mahakama yake yenyewe, yenye kuaminika kimataifa, iwahukumu. India haikufika mbele ya majaji wale, na mwishoni mwa mwaka Pakistani iliondoa shauri kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamezaa matunda.

Matunda yenyewe ni haya. Agosti 1973 India na Pakistani zilikubaliana Delhi kurudishana watu kwa njia tatu: askari kwenda Pakistani, Wabengali kwenda Bangladesh, na Wabihari kadhaa kwenda Pakistani. Wale 195 walibaki India. Februari 1974 mkutano wa nchi za Kiislamu ulifanyika Lahore. Pakistani ikaitambua Bangladesh tarehe 22, na Sheikh Mujibur, aliyekuwa sasa kiongozi wa Bangladesh na kuitwa Mujib, akapanda ndege kwenda kukaa meza moja na Bhutto. Tarehe 9 Aprili mawaziri watatu, Kamal Hossain wa Bangladesh, Swaran Singh wa India na Aziz Ahmed wa Pakistani, walitia saini New Delhi. Makubaliano yalisema serikali ya Pakistani inalaani na inasikitikia sana makosa yoyote ambayo huenda yalitendeka. Yalikumbusha kwamba Mujib alisema watu wa Bangladesh wanajua kusamehe. Kisha Bangladesh ikaamua kutoendelea na kesi, kama tendo la huruma. Kabla Aprili haijaisha, wa mwisho walikuwa wameshavuka mpaka wa Wagah kwenda kwao. Septemba mwaka huo Bangladesh iliingia Umoja wa Mataifa.

"Huenda yalitendeka." Mwaka mmoja kabla, ushahidi ulitosha kuwashtaki watu 195 kwa kosa zito kuliko yote. Sasa kosa lenyewe limewekewa neno la shaka, na aliyekosewa ametia saini chini yake.

Simlaumu Mujib kwa kuwataka Wabengali wake warudi. Kama ningekuwa na watu 400,000 mikononi mwa mwingine, nchi iliyochomwa, hazina tupu, na njaa kubwa ya 1974 ikiwa njiani, nami huenda ningetia saini. Ninachokilaumu ni kuliita jambo hilo huruma. Kwetu, watu wa pwani na wa bara, tuliolelewa katika Uislamu na tusiolelewa humo, tunalijua suala la damu. Anayesamehe ni walii wa damu: baba wa aliyeuawa, mjane wake, mtoto wake. Wao wanaweza kudai, wanaweza kupokea dia, wanaweza kusamehe bila kupokea chochote. Mtawala anaweza kusimamia jambo hilo, ila hawezi kulitenda kwa niaba yao bila kuwauliza. Wajane wa Rayerbazar nani aliwauliza? Na wale waliokuwa wakisamehewa, nani kati yao alisimama akasema nilitenda, nisameheni? Msamaha ulitolewa na ambao haikuwa yao kuutoa, kwa watu ambao hawakuuomba.

Kulikuwa na la kufanya hata katika unyonge ule. Pakistani ilikuwa imetamka kwamba iko tayari kuwahukumu wenyewe. Makubaliano ya Aprili yangeweza kulifunga neno hilo kwa maandishi, kwa muda maalumu, na mashahidi wa Bangladesh waruhusiwe kufika. Hayakulifunga. Majalada ya wale 195, majina na tuhuma na mahali, yangeweza kutangazwa hadharani ili historia iyashike hata kama mahakama haikuyashika. Tume ya Jaji Hamoodur Rahman, iliyoundwa na Pakistani yenyewe kuchunguza kushindwa kule, ilipendekeza maofisa wakuu wafikishwe mahakamani. Ripoti ilifungiwa kabatini hadi ilipovuja mwaka 2000. Hakuna aliyeshtakiwa. Jenerali Tikka Khan, aliyekuwa kamanda Dhaka usiku wa 25 Machi, hakuwa hata miongoni mwa mateka, kwa kuwa alikwisha hamishwa kabla ya mwisho. Alikuwa mkuu wa jeshi la Pakistani tangu 1972 hadi 1976. Katika vita vingi, mateka ni wale waliokutwa uwanjani mwisho wa mchezo, na mpangaji huwa ameshaondoka zamani.

Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wale 195 ilibaki, na maisha yake yanastahili kuangaliwa na kila anayetaka kutunga nyingine. Julai 1973 bunge la Dhaka lilibadili katiba kwanza, kisha likapitisha Sheria ya Mahakama za Uhalifu wa Kimataifa. Mabadiliko yale, katika ibara ya 47, yalitaja waziwazi askari, wanamgambo wasaidizi na mateka wa vita, yakasema sheria ya kuwahukumu haitabatilishwa kwa kupingana na haki za msingi. Washtakiwa hao wakanyimwa hata njia ya kwenda Mahakama ya Juu kudai haki hizo. Wabunge walikuwa wakiwafikiria maofisa wa Pakistani. Lakini maofisa waliondoka, na ibara ikabaki.

Mujib aliuawa 15 Agosti 1975. Kabla mwaka haujaisha, amri ya 1972 iliyotumika kuwashtaki vibaraka wa ndani ilifutwa, na waliokuwa wangali gerezani wakatoka. Miaka ikapita. Mwaka 1992 mama mmoja aliyepoteza mwanawe mpigania uhuru, mwandishi Jahanara Imam, aliongoza mahakama ya umma pale pale Ramna, uwanja ambao sasa unaitwa Suhrawardy Udyan, kumhukumu kwa ishara Ghulam Azam, kiongozi wa Jamaat-e-Islami, chama kilichopinga kuzaliwa kwa Bangladesh. Serikali ikamfungulia Jahanara shauri la uhaini, na akafariki 1994 shauri hilo likiwa bado juu yake.

Mahakama iliyokusudiwa na sheria ya 1973 iliundwa hatimaye Machi 2010, chini ya waziri mkuu Sheikh Hasina, binti wa Mujib. Mwaka uliotangulia sheria ilipanuliwa iwaguse watu binafsi, si askari na wasaidizi wao tu. Waliosimama kizimbani ni raia wa Bangladesh, wengi viongozi wa Jamaat, wazee sasa. Desemba 2012 mwenyekiti wa jopo alijiuzulu baada ya mazungumzo yake na mwanasheria aliye ng'ambo kuvuja. Februari 2013 Abdul Quader Mollah alihukumiwa kifungo cha maisha, maelfu wakajaa eneo la Shahbag jijini Dhaka wakidai anyongwe, bunge likabadili sheria ili upande wa mashtaka uweze kukata rufaa, akanyongwa Desemba. Wengine watano wakafuata hadi 2016. Sina shaka kwamba 1971 ilikuwa na vibaraka wenye damu mikononi. Lakini sheria iliyobadilishwa katikati ya kesi, kwa shinikizo la barabarani, haikumpa marehemu wa Rayerbazar heshima aliyostahili. Mei 2025 mmoja wa waliohukumiwa kifo, A. T. M. Azharul Islam, aliachiliwa na Mahakama ya Juu. Na Novemba mwaka huo huo, mahakama ile ile, kwa sheria ile ile ya 1973, ilimhukumu kifo Sheikh Hasina mwenyewe akiwa hayupo, kwa mauaji ya waandamanaji wa 2024.

Haki pungufu iliyotengenezwa kwa ajili ya adui imewarudia raia, zamu kwa zamu. Ndiyo maana nasema ibara ya 85 ya Geneva, ile inayomwachia mateka haki zake hata anaposhtakiwa, haikuwekwa kwa kuwapenda wabakaji. Pakistani, kwa upande wake, kila Dhaka ilipomnyonga mtu iliyakumbushia makubaliano ya Aprili 1974, na Novemba 2015 ikakana kuhusika na uhalifu wowote wa vita vile. Yale maneno "huenda yalitendeka" yalikuwa yamefanya kazi yake kwa miaka 41.

Sisi tunaoishi karibu na Arusha tunajua kwamba ingewezekana vingine. Huko, 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani meya wa Taba, Jean-Paul Akayesu, na kutamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari. Wanawake wa Taba walisimama mbele ya majaji wakaeleza. Ubakaji ulikuwemo katika mashtaka ya wale 195, robo karne kabla ya Arusha. Ulikuwemo pia katika sheria ya Dhaka ya 1973, ukihesabiwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kama kesi moja tu ingesikilizwa, dunia isingesubiri hadi Taba.

Mwaka 1999 mchongaji Ferdousi Priyabhashini alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Bangladesh kusema hadharani, kwa jina lake na uso wake, kwamba maofisa wa jeshi la Pakistani walimshika na kumbaka kwa miezi huko Khulna. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha juti. Baada ya vita serikali iliwapa wanawake kama yeye cheo cha Birangona, mashujaa wa kike, na mitaani cheo hicho kikawa aibu, wakaachwa na waume, wakakataliwa na wazazi. Yeye alichonga: mizizi, magogo yaliyooza, vipande vya miti ambavyo wengine walivitupa. Mwaka 2016 serikali ilimtambua kuwa mpigania uhuru. Alifariki Machi 2018. Maofisa aliokuwa akiwazungumzia hawajawahi kuitwa na mahakama yoyote, ya Dhaka, ya Lahore wala ya The Hague.